Ukiwa Uani, Nani Anauona Mlango?

Neno wizi wa majumbani huwapeleka watu wengi kwenye usiku wa manane, nondo zilizokatwa na kitasa kilichong'olewa. Kwa hofu hiyo tumejenga kuta, tumepanga vipande vya chupa juu yake na kutia grili kila dirisha na kila mlango. Lakini saa tatu asubuhi, mwenye nyumba akiwa uani anafua, au nyuma ya nyumba anapalilia mchicha, grili hiyohiyo huwa wazi, na ufunguo unaning'inia kwenye kufuli kwa yeyote atakayepita. Kijitabu hiki kinahusu saa hizo za mchana. Tunachosema ni kwamba mtu aliye uani bado hajailinda nyumba yake. Ameilinda pale tu anapouona mlango au alipokwisha kuufunga.

Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walieleza kwa nini wizi wa majumbani uliongezeka nchini mwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati maisha ya wengi yalikuwa yakiboreka. Walisema wizi hutokea mambo matatu yanapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia ya kuiba, kitu kinachomfaa, na kukosekana kwa mtu wa kumzuia. Wamarekani walikuwa wakishinda zaidi nje ya nyumba zao, na vitu vya thamani vilikuwa vikizidi kuwa vyepesi. Ukiyaleta mambo hayo kwenye nyumba ya Mbagala au Tabata jijini Dar es Salaam, utaona kuwa la tatu ndilo linalotudanganya. Kwa kuwa tupo nyumbani, tunaamini mlinzi yupo. Lakini anayefua, bomba likimimina maji kwenye ndoo na redio ikiwa juu, hasikii geti likisukumwa. Anayefyeka nyasi ameinama, mlango ameupa mgongo. Kwa mtu anayepita njiani akitafuta pa kuingia, nyumba hiyo haina tofauti kubwa na ile ambayo wenyewe wamesafiri.

Na kitu chepesi kimezidi kuwa chepesi. Zamani mdokozi wa mchana alitoka na redio au sufuria, na majirani wakamwona. Leo anatoka na simu mfukoni, akatembea taratibu kama mgeni anayeaga. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pia pochi na akiba ya biashara. Tazama inapokaa mara nyingi wakati kazi za uani zinaendelea: juu ya meza ya sebuleni, inachajiwa, hatua tatu kutoka mlangoni, au kwenye kizingiti cha dirisha ambapo mtu aliye nje huifikia kwa mkono kupitia kwenye nondo. Pengine namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi ndani ya kava lake.

Mila yetu ya hodi nayo inatumiwa vibaya. Anayetaka kudokoa hana haja ya kunyata; anaweza kuingia uwanjani kwa miguu yake na kupiga hodi. Akiitikiwa, anauliza nyumba ya fulani, anaomba radhi na kuondoka. Asipoitikiwa, amekwisha kujua alichotaka kukijua. Hatusemi watu waache kupigiana hodi, wala kila mgeni atazamwe kama mwizi. Tunasema hodi isiyosikika hadi uani ikutane na mlango uliofungwa.

Wapo watakaopinga, na wana sababu. Nyumba ya bati Dar es Salaam mwezi wa pili, milango ikifungwa, huwa tanuri. Ni kweli, na ndiyo maana hatudai kila kitu kifungwe. Madirisha yenye grili yaachwe wazi, ila vitu viondolewe karibu nayo. Mlango wa uani mnaouona uwe wazi mpaka mwisho. Ule msiouona, kwa kawaida wa mbele, ndio wa kufunga. Wengine watasema watoto wanaingia na kutoka. Basi wapitie mlango mmoja, huohuo wa uani. Kuhusu mtaa ambao watu wanajuana, kujuana ni ngao nzuri, na ulinzi shirikishi umejengwa juu yake. Lakini jirani naye ana nguo zake za kufua, na hawezi kutazama mlango ambao hukumwomba autazame. Mwambie, naye akuambie wa kwake.

Pingamizi zito zaidi ni moto. Kumfungia mtoto aliyelala, mgonjwa au mzee ndani kwa kufuli, kisha ukaenda na ufunguo nyuma ya nyumba, ni hatari kuliko mwizi yeyote. Hapa hatulegezi msimamo: penye mtu ndani, mlango ufungwe kwa komeo la ndani ambalo yeye mwenyewe anaweza kulifungua. Asiyeweza kulifungua, kama mtoto mchanga au mgonjwa wa kitandani, asiachwe nyuma ya kufuli kabisa. Mtu abaki karibu naye, au kazi ihamie upande ambao mlango unaonekana.

Kuna pia wanaoona kwamba ushauri wa aina hii unamtupia lawama aliyeibiwa. Haumtupii. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamhesabu mtu kuwa amevunja nyumba hata kama amesukuma tu mlango uliokuwa umefungwa, na inamhesabu kuwa ameingia mara tu sehemu yoyote ya mwili wake, au ya kifaa anachotumia, inapokuwa ndani. Hata mti aliopenyeza dirishani. Kosa ni la mwizi tangu mwanzo hadi mwisho. Ila hukumu huja baadaye, na mara nyingi simu imekwisha kuuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya kubeba beseni au jembe, zunguka hadi mlango wa mbele, ufunge na, kama hakuna aliyebaki ndani, uchomoe ufunguo na kuutia mfukoni. Simu iende nawe. Leo hii bonyeza *#06# uandike namba za utambulisho wa simu yako kwenye daftari. Ukiibiwa, pigia mtandao wako wa simu kwanza ufunge laini na fedha, kisha ripoti polisi ukiwa na namba hizo. Na ukirudi kutoka uani ukamkuta mtu ndani, usimkabili wala usimzibie njia: toka nje, piga yowe majirani wasikie, na upige 112.