Betri ya Risasi: Utendaji Wake, Hatari Zake na Matunzo Yake

Betri inayonunuliwa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, huweza kufungwa katika gari, katika nyumba inayotumia umeme wa jua, au katika mashua ya wavuvi wanaoshusha samaki katika soko la Feri. Popote ifungwapo, kanuni zake ni zilezile. Makala haya yanaeleza kanuni hizo, kwa kuwa betri nyingi hufa kabla ya wakati wake, na betri isiyotunzwa huweza kumpofusha mtu.

Muundo na utendaji

Betri ya risasi ilivumbuliwa mwaka 1859 na Gaston Planté, mwanafizikia wa Ufaransa. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2. Katika kila seli mna mabamba ya risasi, ambayo ni ncha hasi, na mabamba ya oksidi ya risasi, ambayo ni ncha chanya. Yote yamezama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, badiliko hili hutokea:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Mwanafunzi ataona mambo mawili. Kwanza, asidi hupungua na maji huongezeka. Ndiyo maana haidromita huzama zaidi katika betri iliyoishiwa. Pili, mabamba yote hufunikwa na salfati ya risasi. Betri ikichajiwa mapema, salfati hiyo huondoka. Ikiachwa tupu kwa majuma mengi, salfati hugeuka kuwa fuwele ngumu, na betri hupoteza nguvu zake. Kwa hiyo mashua inapopandishwa pwani kungoja pepo kali za kusi zitulie, betri yake ihifadhiwe ikiwa imejaa, nayo ichajiwe kila mwezi. Betri iliyojaa na kupumzishwa hupimwa takriban volti 12.6, ikifika volti 12, imekaribia kuisha.

Maji ya kuongeza

Wakati wa kuchaji, umeme huchanganua sehemu ya maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Maji hupotea, asidi hubaki. Basi kinachoongezwa ni maji ya mvuke uliopozwa, wala si asidi. Mnunuzi anayeomba “maji ya betri” hana budi kusoma lebo, kwani asidi ya kujazia betri mpya nayo huuzwa. Maji ya kisima hayafai: chumvi zake huharibu mabamba.

Hatari na kinga

1. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka. Betri ichajiwe penye hewa ya kutosha, mbali na sigara, kibatari na cheche.

2. Asidi ikiingia machoni, yaoshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

3. Spana ikigusa ncha zote mbili hupata moto mkali na kuunguza mkono. Waya wa ncha hasi ufunguliwe kwanza, na kufungwa mwisho. Fyuzi iwekwe karibu na ncha chanya.

4. Katika mashua, betri ifungwe imara ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, juu ya ngama. Maji ya bahari yakiingia ndani ya seli huweza kuzalisha klorini, gesi yenye sumu.

5. Betri iliyokufa isivunjwe nyumbani wala kuyeyushwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Zoezi

Taa ya wati 24 inatumia betri ya volti 12 yenye ampea-saa 60. Ikiwa mvuvi anataka kutumia nusu tu ya umeme huo ili betri idumu, taa itawaka kwa saa ngapi? (Jibu: saa 15.)