Mwanya Kabla ya Nyota

Mhariri ameniomba somo la kompyuta kwa Kiswahili. Nimekubali, maanake nina deni.

Seva ya shule yetu hapa Kakuma haina kipanya wala picha za kubofya. Ni skrini nyeusi: unaandika amri, unabonyeza Enter, basi. Inaendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kambi yetu ilifunguliwa 1992, kwa hivyo ni kama wa rika moja.

Muhula wa tatu diski ilijaa. Amri ya “df -h” ilinionyesha asilimia 100. Nikaingia katika folda ya maswali, nikaandika “du -sh *” nione kila faili ina uzito gani. Kumbe ni picha za michezo! Nilitaka kuandika “rm picha*”, yaani futa kila faili ambayo jina lake linaanza na picha. Kidole kikateleza, nikaandika “rm picha *”. Unauona ule mwanya kabla ya nyota? Kompyuta ilisoma mambo mawili: futa picha, halafu futa kila kitu. Ikalalamika kwamba haioni faili iitwayo picha, zile nyingine zote ikazifuta kimyakimya. Huku hakuna pipa la taka la kuokotea. Maswali ambayo Kidato cha Nne walikuwa wameyachapa mwaka mzima yakaenda hivyo, na KCSE imebaki wiki sita.

Sasa shikeni hili. Kabla ya “rm”, andika “ls” na maneno yale yale: “ls picha*”. Utaona majina ya faili zitakazofutwa. Ukiridhika, bonyeza mshale wa juu, badilisha ls iwe rm. Mwoga kama mimi atumie “rm -i”, inauliza kwanza kila faili. Tena kila Ijumaa nanakili folda yote kwenye diski ya nje kwa “rsync -av”. Hupeleka yaliyobadilika tu, haichukui muda.

Na stima ya sola ikianza kufifia jioni, usingoje: “sudo shutdown -h now”. Seva ikizimika ghafla, faili zaweza kuharibika.

Maswali tuliyachapa upya, watu watano, kutoka karatasi ambazo mmoja wao alikuwa ameziweka chini ya godoro. Kemia na Biolojia tulimaliza. Fizikia hatukuiwahi, na wale wa Fizikia waliondoka shuleni bila kunisemesha.