Ofisi ya Ajira katika Vyuo vya Wanawake vya India: Kazi Yake, Lugha Yake na Hesabu Zake

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanafunzi anayekaribia kumaliza masomo hupenda kuiamini methali hii: akipata alama nzuri, kazi itamfuata yenyewe. Katika vyuo vingi vya India hawaiamini hivyo. Huko chuo chenyewe huwatafuta waajiri, huwaalika waje chuoni, na huwaandaa wanafunzi kukutana nao kabla hata ya mtihani wa mwisho. Shughuli hiyo ina ofisi yake, ambayo katika makala haya tutaiita ofisi ya ajira.

Makala haya yanaichunguza ofisi hiyo katika vyuo vya wanawake. Sababu ni mbili. Kwanza, katika vyuo hivyo masomo ya lugha, fasihi na sayansi ya jamii yana wanafunzi wengi, na hao ndio wenzetu. Pili, mchujo wa waajiri, kama tutakavyoona, ni mchujo wa lugha kwa sehemu kubwa. Tutaanza na historia kwa kifupi, kisha tutaangalia utendaji wa ofisi, nafasi ya lugha, namna ya kusoma takwimu zake, na mambo yanayomhusu mwanamke hasa.

1. Vyuo vyenyewe na waajiri wao

Chuo cha Bethune cha Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata, kilianza kama shule ya wasichana mwaka 1849, kikapata madarasa ya chuo mwaka 1879. Kutoka huko walitokea Kadambini Ganguly na Chandramukhi Basu, waliopokea shahada ya Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1883 wakiwa wanawake wa kwanza kufanya hivyo. Isabella Thoburn College ya Lucknow ilifuata mwaka 1886, na Women's Christian College ya Chennai mwaka 1915. Mwaka 1916 Dhondo Keshav Karve alianzisha chuo kikuu cha wanawake, kinachojulikana leo kama SNDT. Delhi ilipata Indraprastha College mwaka 1924, Miranda House mwaka 1948 na Lady Shri Ram College mwaka 1956.

Wengi wa waasisi hao hawakufikiria kwanza habari ya mshahara. Walitaka msichana asome, na aliyetaka kazi alielekezwa kwenye shule au hospitali. Kadambini mwenyewe aliendelea na masomo akawa daktari. Baada ya uhuru wa 1947, kazi ya serikali ikawa ndoto ya kila familia, na kazi hiyo ilipatikana kwa mitihani ya ushindani.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya 1991, serikali ilipolegeza masharti ya uchumi. Kampuni za programu za kompyuta, benki za binafsi, na kampuni za ushauri na ukaguzi wa hesabu zikahitaji maelfu ya vijana kila mwaka. Kuliko kungoja barua za maombi, zikaona ni nafuu kwenda chuoni na kuchagua watu mahali wanaposoma. Chuo nacho kilihitaji mtu wa kuzipokea.

Siku hizi ofisi ya ajira ina sababu nyingine ya kuwapo. Baraza la taifa la tathmini na ithibati, lililoanzishwa mwaka 1994 na kujulikana kwa herufi NAAC, huuliza chuo kinawasaidiaje wanafunzi wake na wanaishia wapi. Mfumo wa taifa wa kupanga vyuo kwa ubora, NIRF, uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2016, nao huhesabu walioajiriwa na walioendelea na masomo ya juu. Kwa hiyo takwimu za ajira zinagusa sifa ya chuo kizima. Tutalirudia jambo hili.

2. Mwaka mmoja wa ofisi ya ajira

Uendeshaji hutofautiana. Kuna vyuo vyenye afisa anayelipwa kwa kazi hii tu. Katika vyuo vya Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kawaida kazi kubwa hufanywa na wanafunzi wenyewe chini ya mhadhiri mshauri: ndio wanaoziandikia kampuni, wanaopiga simu, wanaopanga ratiba na kupokea wageni. Msichana wa miaka 20 anayejadiliana na meneja wa benki kuhusu tarehe na masharti anajifunza kazi kabla hajaajiriwa.

Mzunguko wa mwaka una hatua zinazojulikana.

Hatua ya kwanza ni usajili. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetaka kazi hujiandikisha na kuleta wasifu wake. Asiyetaka, labda kwa sababu anaendelea na shahada ya pili, hajiandikishi.

Hatua ya pili ni maandalizi: kuandika wasifu, kufanya mahojiano ya majaribio, na kufanya mazoezi ya hesabu na mantiki.

Hatua ya tatu ni ziara ya mwajiri. Kampuni huja chuoni, au siku hizi huonekana kwenye skrini, ikaeleza kazi, mahali, mshahara na masharti. Hapo ndipo wengi huanguka kabla ya kuanza, kwa sababu kampuni nyingi hudai asilimia 60 katika mtihani wa darasa la 10, wa darasa la 12 na katika masomo ya chuo. Aliyekuwa mgonjwa akiwa na miaka 15 bado analipa deni hilo akiwa na miaka 21.

Hatua ya nne ni mchujo wenyewe: mtihani wa maandishi, majadiliano ya kikundi, kisha mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya tano ni barua ya kazi. Vyuo vingi vina kanuni ya kwamba aliyepata barua moja hujiondoa kwenye orodha ili wengine nao wapate nafasi. Baadhi huruhusu ajaribu mara moja zaidi iwapo kazi ya pili ina mshahara mkubwa kwa kiwango kilichowekwa. Kanuni hii ina ubishi kila mwaka, lakini bila hiyo wanafunzi kumi wenye ufasaha wangekusanya barua zote za promosheni nzima.

Sambamba na hayo kuna staji. Kampuni huchukua mwanafunzi kwa wiki kadhaa wakati wa likizo, na ikiridhika humpa ahadi ya kazi kabla ya mchujo kuanza.

3. Lugha kama mlango

Tuangalie majadiliano ya kikundi. Wanafunzi wanane au kumi huketi pamoja, hupewa mada, na huzungumza kwa dakika kama 15 huku waajiri wakiandika. Hakuna mwenyekiti. Anayesubiri azungumze kwa zamu anaweza kutoka bila kusema neno. Na lugha, mara nyingi, ni Kiingereza.

Hapa ndipo penye mzozo wa siri wa mfumo wote. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22 katika jedwali lake la nane, na mamilioni ya watoto husoma kwa Kimarathi, Kitamil, Kihindi au Kibengali hadi kufika chuoni. Karve alipoanzisha chuo kikuu chake alisisitiza kwamba mwanamke afundishwe kwa lugha yake ya kwanza, kwa sababu lugha ya kigeni ilikuwa ukuta kati yake na elimu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwanafunzi anaweza kupita elimu yote kwa lugha yake, akaukuta ukuta uleule umehamishiwa mlangoni mwa kazi.

Waajiri husema wanatafuta uwezo wa kuwasiliana. Lakini kinachopimwa mara nyingi ni matamshi, wepesi na ujasiri, mambo ambayo msichana wa shule ya kulipia ya mjini alianza kuyapata akiwa na miaka mitatu. Uwezo wa kufikiri na ufasaha wa lugha moja si kitu kimoja; hilo mwanaisimu yeyote analijua. Ofisi ya ajira iliyo makini hulitambua tofauti hiyo: huanza mazoezi ya kuzungumza tangu mwaka wa kwanza badala ya mwezi mmoja kabla ya mchujo, na huwatafuta pia waajiri wanaohitaji lugha nyingine.

Waajiri hao wapo. Mtu anayeomba ukarani katika benki za umma kupitia mtihani wa pamoja hutakiwa kuijua lugha rasmi ya jimbo analoomba, kwa kuwa mteja wa kijijini hatajifunza Kiingereza ili aweke akiba yake. Tafsiri, manukuu ya filamu, uchapishaji wa vitabu vya shule na huduma kwa wateja vinahitaji watu wa lugha za India. Anayesoma Kifaransa, Kijerumani au Kijapani naye hutafutwa na kampuni zinazohudumia wateja wa nje. Ualimu unabaki njia kubwa, ingawa una masharti yake: shahada ya ualimu ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili, pamoja na mitihani ya sifa. Kazi hizo za mitihani haziji chuoni kuchagua watu. Ofisi inayohesabu ziara za kampuni peke yake huwasahau.

4. Kusoma takwimu

Kila mwaka vyuo hutangaza matokeo. Tujifunze kuyasoma kwa mfano wa kubuni.

Tuseme wahitimu ni 320. Waliojiandikisha kwa ofisi ya ajira ni 100. Waliopata kazi ni 80. Chuo kinaweza kuandika kwamba asilimia 80 wameajiriwa, na hakijasema uongo. Lakini ukigawa kwa wahitimu wote, ofisi imewapatia kazi asilimia 25. Baina ya hesabu hizo mbili wamo wanaosoma zaidi, waliojitafutia wenyewe, na waliokata tamaa wasijiandikishe. Vilevile ni lazima kuuliza kama zimehesabiwa barua au watu, maana mwenye barua mbili ni mtu mmoja.

Mshahara nao una mtego. Tuseme wanafunzi watano wamepata kazi: wanne kwa laki 4 za rupia kwa mwaka, mmoja kwa laki 24. Wastani ni laki 8, na hakuna hata mmoja anayelipwa hivyo. Mshahara wa katikati ni laki 4, nao ndio unaomweleza mwanafunzi atarajie nini. NIRF huomba mshahara huo wa katikati. Mabango ya vyuo hupendelea ule wa juu kabisa.

Isitoshe, kiasi kinachotangazwa ni gharama yote ya mwajiri kwa mwaka. Ndani yake mna mchango wake kwenye mfuko wa akiba ya wafanyakazi, pengine bima, na marupurupu yanayotegemea utendaji. Anayegawa laki 4 kwa 12 akadhani ndizo fedha atakazopokea mwisho wa mwezi atashangaa.

Mwanafunzi wa Kiswahili atakuwa ametambua neno. Laki yetu, yaani 100,000, imetoka katika lugha za India, ambako watu huhesabu mishahara, kura na watu kwa laki. Neno lilivuka bahari pamoja na biashara.

Mwisho, barua si kazi. Mwaka 2023 kampuni moja kubwa ya programu iliwaomba vijana waliokuwa wameahidiwa laki 6.5 wakubali laki 3.5, nao walikuwa wamengoja kuitwa kazini kwa miezi.

5. Yanayomhusu mwanamke

Kulingana na uchunguzi wa taifa wa nguvu kazi, wanawake wa miaka 15 na zaidi waliokuwa kazini au wakitafuta kazi walikuwa asilimia 23.3 mwaka 2017-18 na asilimia 41.7 mwaka 2023-24. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kilimo na kazi za kujiajiri, zikiwemo zile za kusaidia shughuli za nyumbani bila malipo. Kwa hiyo kazi ya mshahara yenye mkataba bado si jambo la kawaida kwa mwanamke, na barua inayotoka chuoni ina uzito mkubwa katika familia.

Wazazi watauliza mji gani, atalala wapi, atarudi saa ngapi. Maswali hayo si ya kudharauliwa. Sheria ya Viwanda ya 1948 iliwakataza wanawake kufanya kazi kiwandani usiku. Makatazo ya aina hiyo yalipolegezwa, suala likawa nani atawarudisha nyumbani. Ofisi ya ajira ya chuo cha wanawake ina nafasi ya kuyauliza mambo haya kwa niaba ya wote, ili yasionekane woga wa mtu mmoja: je, kuna gari la usiku? Je, ipo kamati ya ndani ya kupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia, ambayo sheria ya 2013 inaidai mahali penye wafanyakazi 10 au zaidi? Je, likizo ya uzazi ya wiki 26, iliyowekwa mwaka 2017 badala ya wiki 12, inaheshimiwa? Na mwajiri anayemuuliza msichana ataolewa lini, ofisi inaweza kumwambia kwamba swali hilo halimo katika mahojiano ya chuo hiki.

Hitimisho

Tumeona kwamba ofisi ya ajira hufanya kazi tatu: humleta mwajiri, humwandaa mwanafunzi, na huwalinda wote wawili dhidi ya ahadi zisizo wazi. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Ya pili na ya tatu ndizo zinazobadilisha maisha ya yule ambaye hana mjomba kwenye kampuni wala matamshi ya shule ya gharama. Ofisi ipimwe kwa huyo kwanza, kabla ya aliyepata laki 24, maana mwenye laki 24 pengine angezipata hata bila ofisi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tofautisha uwezo wa kuwasiliana na ufasaha katika lugha moja. Ungepimaje wa kwanza bila kuupima wa pili?
2. Chuo kina wahitimu 250, waliojiandikisha 150, barua 120, watu walioajiriwa 100. Toa asilimia zote zinazoweza kutangazwa, na ueleze ipi ni ya haki.
3. Karve alitaka elimu kwa lugha ya mwanafunzi. Mwajiri anataka Kiingereza. Je, ni jukumu la chuo kumbadilisha mwanafunzi, au kumbadilisha mwajiri?