Upepo wa moto ndani ya kabini: tutafute chanzo kabla chanjo haijaharibika

Katika masomo haya tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mifugo. Leo tunaongea juu ya motokari. Msishangae, juu kitu kidogo cha kwenye tablo kinaweza kupoteza kazi ya wafugaji wengi.

Tulikuwa tunapandisha chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo toka Baraka kwenda Minembwe. Glasieri, ndiyo sanduku la baridi, tuliifunga vizuri, barafu ndani. Tuliiweka chini, kwenye miguu ya abiria wa mbele, ili isirukeruke kwenye mashimo. Tulipopumzika njiani tukasoma kipimajoto: digrii 13. Chanjo hiyo tunaisafirisha kati ya digrii 2 na 8. Tukaweka mkono kwenye tundu la upepo chini ya tablo, tukakuta upepo wa moto unapiga moja kwa moja kwenye sanduku. Na kishikio kilikuwa kwenye baridi! Shofere akasema: «Hii motokari iko vile tangu zamani, tumeshazoea.»

Dozi zile hatukuzitumia. Chanjo iliyopata joto inaweza kubaki na rangi na harufu ileile. Mfugaji anachanja, anatulia, kumbe mbuzi wake hawana kinga. Hasara anaiona wakati ugonjwa umeshaingia zizini.

Upepo unapita wapi?

Upepo wa nje unaingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na mwisho wa kapo. Feni inausukuma ndani. Kama kishikio kiko kwenye nyekundu, upepo unapita katika kiradiateri kidogo kilicho nyuma ya tablo. Mafundi wanakiita shofazhi. Ndani yake mnapita maji ya moto toka kwenye moteri. Kama kishikio kiko kwenye bluu, upepo unatakiwa kutoka bila kupashwa moto.

Kwa hiyo, kama motokari haina klimatizeri, upepo wa matundu hauwezi kuwa baridi kuliko hewa ya nje. Mchana pale Baraka, kando ya ziwa, hewa yenyewe iko moto. Hapo tusimsumbue fundi bure. Ugonjwa uko pale ambapo upepo wa ndani ni moto wazi kuliko ule wa nje.

Njia yetu inatupa kipimo kizuri. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari, na Minembwe iko zaidi ya metre 2000. Kila metre 1000 tunapopanda, hewa inapoa karibu digrii 6. Basi kadiri tunavyopanda, upepo wa matundu nao ungepaswa kupoa. Kama tunapanda na upepo unazidi kuwa moto, joto hilo linatoka kwenye motokari yenyewe.

Tupime kwa utaratibu

Kipimo cha kwanza: asubuhi, moteri ikiwa bado baridi. Weka kishikio kwenye bluu, washa feni, sikia upepo. Halafu endesha nusu saa na usikie tena. Kama mwanzo ulikuwa wa kawaida na sasa ni moto, joto linatoka kwenye moteri au kwenye maji yake.

Kipimo cha pili: mipira miwili. Simamisha motokari, zima moteri, vuta breki ya mkono, fungua kapo. Tafuta mipira miwili myembamba inayopita kwenye ukuta wa bati kati ya moteri na kabini. Hiyo njo inapeleka maji kwenye shofazhi na kuyarudisha. Iguse haraka tu, kwa kitambaa, juu inaweza kuunguza.

Motokari nyingi za zamani zinazopanda milima yetu ziko na robine kwenye mmoja wa mipira hiyo. Kishikio kikiwa kwenye bluu, robine inafunga maji. Kama upande wa mbele ya robine ni moto na upande wa nyuma yake umepoa, robine inafunga. Tutafute sababu nyingine. Kama pande zote mbili ni moto, maji yanapita wakati hayatakiwi kupita.

Motokari zingine hazina robine. Maji yanazunguka siku zote, na ndani ya tablo kuna kimlango kinachoamua upepo upite wapi. Hapo mipira yote miwili kuwa moto si ugonjwa. Sogeza kishikio toka nyekundu hadi bluu ukisikiliza. Kama hausikii kimlango kugonga mwisho, au kishikio kimelegea, kuna waya uliotoka au kimlango kilichokwama.

Kutengeneza robine

Subiri moteri ipoe. Mtu mmoja asogeze kishikio, mwingine aangalie kimkono cha robine. Mara tatu tunakuta moja ya mambo haya:

1. Kishikio kinasogea lakini kimkono hakisogei. Waya umetoka kwenye kishikizo chake, au umekatika. Weka kishikio kwenye bluu kabisa, sukuma kimkono mpaka kufunga, halafu kaza waya pale. Kazi hii haiombi vifaa vingi.

2. Kimkono kinasogea nusu njia. Mara nyingi ni vumbi na kutu. Safisha, tia mafuta kidogo, sogeza taratibu. Usilazimishe kwa koleo, robine za plastiki zinavunjika na maji yote yanamwagika.

3. Kimkono kinafika mwisho lakini maji bado yanapita. Robine imekufa ndani, ibadilishwe. Wakati wa kungojea kipuri, fundi anaweza kuunganisha mipira miwili ili maji yazunguke bila kuingia kwenye shofazhi. Asiizibe tu, juu moteri zingine zinategemea mzunguko huo.

Hiyo ya kuunganisha ni dawa ya muda. Asubuhi za Minembwe ziko na baridi na ukungu, na shofazhi inasaidia kusafisha kioo cha mbele. Shofere asiyeona njia ni hatari kubwa kuliko jasho.

Kama robine ni nzima

Angalia mpira mrefu unaokaa kwenye ukingo wa nyuma wa kapo. Kazi yake ni kuzuia joto la moteri lisifike kwenye matundu ya kuingizia upepo. Ukikatika, feni inavuta hewa toka juu ya moteri. Alama yake: upepo ni moto tukipanda polepole au tukisimama, halafu unapoa tukikimbia kwenye tambarare. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kilichokatwa vizuri na kugandishwa, kinasaidia mpaka mpira mpya upatikane. Angalia pia matundu ambamo waya zinaingia kabini, na mpira ulio chini ya kishikio cha vitesi.

Jambo hili tusilichezee. Pale hewa ya moteri inapopita, moshi nao unaweza kupita. Ndani ya moshi kuna gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kama abiria wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu au usingizi wa ghafla, simameni, fungueni milango, shukeni wote. Bomba la moshi litengenezwe kwanza.

Tusichanganye na moteri kuchemka

Sindano ya joto ikipanda kwenye tablo, hilo ni jambo lingine. Shofere anaweza kufungua shofazhi yote ili kupunguza joto wakati anatafuta mahali pa kusimama. Na kama sindano iko juu kabisa lakini shofazhi inatoa upepo baridi, pengine maji yamekwisha: zima moteri mara moja. Usifungue kifuniko cha radiateri kikiwa moto. Huku juu maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye digrii 93 hivi, si 100. Yale ya radiateri yanashikwa na kifuniko. Ukikifungua yanaruka usoni.

Harufu tamu ndani ya kabini, kioo chenye mafuta-mafuta, au zulia lenye unyevu kwa abiria, vyote vinaonyesha shofazhi inavuja.

Mzigo wetu tuuweke wapi?

Sisi tumeacha kuweka glasieri chini ya tablo. Inakaa kwenye kiti cha nyuma au kwenye karoseri, imefungwa kwa kamba, chini ya kivuli cha turubai. Kati ya barafu na chupa za chanjo tunaweka kartoni, juu kuna chanjo zinazoharibika zikiganda. Kipimajoto tunakisoma wakati wa kuondoka, kila kituo na wakati wa kufika, na tunaandika. Jibini na mbegu za viazi nazo tusizielekeze kwenye matundu ya chini.

Mambo ya kujadili katika kikundi

– Motokari tunayokodi, nani anaipima siku moja mbele ya safari? Tumchague kwa jina.
– Tukikuta chanjo imepita digrii 8, nani ana ruhusa ya kusema isitumike? Tumuulize veterineri kabla ya kumchanja hata mbuzi mmoja.
– Ni mambo gani kwenye motokari yetu ambayo «tumeshazoea»? Tuyaandike yote, na tuanze na lile linalogusa mzigo.

Safari ijayo, mbele ya kupakia, tuweke mkono mmoja kwenye tundu la upepo na mwingine nje ya dirisha. Dakika moja inatosha.