SOMO LA VIJANA: YEREMIA ALINUNUA SHAMBA HADHARANI

Andiko: Yeremia 32:6-15



Jumapili iliyopita kijana mmoja wetu alinivuta kando baada ya ibada. Ameweka shilingi 80,000 kwa miaka mitatu ya kuendesha boda. Broka amemwonyesha ploti kando ya barabara ya Kakuma na anataka pesa kabla ya Ijumaa. "Pasta, nitume?" Nikamwambia, ngoja kwanza. Somo hili ndilo jibu lake, na ni la kila kijana anayeanza.

Yeremia alikuwa kifungoni, na jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu. Hanameli, mwana wa ami yake, akamjia amwuzie shamba la Anathothi. Mungu alikuwa amemwambia mapema kwamba jambo hili linakuja. Lakini angalieni alivyonunua. Alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani. Akaandika hati, akatia sahihi na muhuri, akaita mashahidi. Kisha akampa Baruku hati zile aziweke katika chombo cha udongo zisiharibike. Alikuwa na neno la Mungu, na bado hakuruka hatua hata moja. Imani haifuti karatasi, vijana!

1. Jua ardhi ni ya nani

Hanameli hakumwendea mpita njia. Alimwendea Yeremia kwa sababu haki ya kukomboa shamba la ukoo ilikuwa yake. Hata kwetu Turkana sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika, na kaunti yenyewe haina ruhusa ya kuiuza. Ikishasajiliwa, haiuzwi mpaka angalau theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa wakubali. Sasa mtu mmoja anakuuzia vipi?

Usidanganywe na macho. Mahali unapoona miti tu kando ya mto, kuna familia ambayo hiyo ni ekwar yao tangu enzi za babu. Ukiweka ua hapo, umenunua ugomvi.

Kwa ndugu zetu wakimbizi: Katiba, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, si kuimiliki moja kwa moja. Anayekuuzia ploti "yako milele" anakudanganya.

2. Jua ni karatasi gani

Hapa naungama. Nilipokuwa kijana Lodwar nilinunua ploti kwa barua ya ugawaji yenye muhuri mzuri. Niliiweka chini ya godoro nikijiita tajiri. Baadaye watu wengine wawili wakatokea na barua za ploti ileile. Pesa haikurudi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba barua ya ugawaji peke yake haikupi umiliki.

Kwa hivyo kabla ya kutoa shilingi:
- Omba nakala ya hati, kisha wewe mwenyewe ufanye utafutaji rasmi kwa msajili wa ardhi.
- Nenda na sorveya akuonyeshe mawe ya mipaka.
- Uliza majirani, chifu na wazee chini ya mti. Waulize pia maji ya laga hufika wapi mvua ikinyesha.
- Kama ni mali ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima akubali.
- Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, yashuhudiwe. Sheria ya Kenya inataka hivyo, na Yeremia alifanya hivyo.

3. Kataa haraka na siri

Mafuta yalipopatikana Ngamia 1 mwaka 2012, wengi walikimbilia ploti Lokichar na Lodwar kabla ya kuuliza maswali. Broka akikwambia "kuna mtu mwingine analeta pesa leo", mwambie, basi ampe huyo. Abrahamu alimnunulia Sara kaburi pale langoni, mbele ya watu wote (Mwanzo 23). Biashara ya haki haiogopi mashahidi.

4. Anza na ulichonacho

Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14). Hesabu ya ploti si bei tu: kuna wakili, sorveya, ushuru wa stempu na kodi za kila mwaka. Kama hazitoshi, endelea kuweka kwa sacco. Kama familia ina ploti yenye hati, kaeni chini mpatane, mjenge chumba kimoja cha kupangisha. Kodi ya chumba kimoja itakufundisha mengi kuliko ploti kumi za maneno.

Kijana wetu hakutuma pesa. Alimwomba broka namba ya hati ili akaitafute, na tangu siku hiyo simu ya broka imezimwa.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Kwa nini Yeremia aliita mashahidi wakati muuzaji ni ndugu yake?
2. Ni nani katika familia yako anayejua historia ya ardhi yenu? Umemwuliza?

Tuombe: Bwana, tupe subira ya kuuliza na ujasiri wa kukataa. Jasho la vijana wetu lisiliwe na waongo. Amina.