Radi na Vyombo vya Nyumbani

Hapa Kigali mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka: tangu Machi mpaka Mei, na tena tangu Septemba mpaka Desemba. Katika miezi hiyo radi nazo ni nyingi. Nataka kueleza jinsi ya kuvilinda vyombo vya nyumbani, kwa maana mimi nilifunzwa somo hili kwa hasara.

Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, nasi tulikaa Biryogo. Mama yangu aliuza barafu na maji ya matunda, na friji yake ndiyo iliyonilipia karo. Siku moja ya Aprili mawingu meusi yalitanda juu ya Mlima Kigali. Mama akaniambia, "Mwanangu, zima friji." Nikabonyeza swichi ya waya wa nyongeza, taa yake nyekundu ikazimika, nikarudi kwenye kitabu changu nikidhani nimemaliza kazi. Mara ukaja mwanga na mshindo kwa pamoja, na mtaa wote ukawa giza. Umeme uliporudi, friji haikuwaka. Fundi alipoifungua alikuta nyuzi za mota zimeungua. Muhula ule nilikaa nyumbani majuma matano kwa kukosa karo.

Tena ikaja hasara ya pili. Mama alikuwa amegombana na jirani kwa ajili ya deni dogo, na watu wakaanza kunong'ona kwamba radi ile imetumwa. Mama akaacha kumwamkia jirani yake. Ndipo yule fundi, mzee wa maneno machache, aliponiita nje. Akanionyesha nguzo ya umeme, akaufuata waya kwa kidole mpaka ukutani, kisha mpaka kwenye plagi niliyoiacha mahali pake. Akasema, "Aliyeileta ni huyu. Ungaling'oa plagi hii, friji ingalikuwa nzima." Niliona haya sana, lakini nikamweleza mama kweli yote. Jioni ile alipakua sahani ya pilau, akaipeleka kwa jirani kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa tutazame jambo lenyewe. Kiswahili kina maneno matatu: umeme ni mwanga tuuonao, ngurumo ni sauti tuisikiayo, na radi ni pigo lenyewe. Wanyarwanda huliita inkuba. Ndani ya wingu la mvua chembe za barafu hugongana. Zile nyepesi hupanda juu na umeme chanya, na zile nzito hubaki chini na umeme hasi. Nguvu hiyo ikizidi, hewa haiwezi kuizuia tena, na umeme huruka mpaka ardhini. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alieleza jaribio la tiara lililoonyesha kwamba umeme wa mawinguni na umeme wa maabara ni kitu kimoja.

Umeme wa nyumbani Rwanda una nguvu ya volti 230. Mkondo wa radi ya kawaida hufika ampea 30,000 hivi, na njia yake hewani hupata joto la nyuzi 30,000 za sentigredi, yaani kama mara tano ya joto la uso wa jua. Wala si lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga nguzo, au hata ardhi iliyo karibu na nyaya, msukumo wa umeme hukimbia ndani ya waya mpaka kwenye chombo chako. Na swichi je? Ndani yake mna mwanya wa milimita chache tu. Umeme uliovuka kilometa za hewa hautashindwa na mwanya huo.

Kwa hiyo yapasa kushika mambo haya:

1. Ng'oa plagi mapema, kabla radi haijakaribia. Ikiwa imekwisha kufika juu yenu, usiguse waya wala plagi. Afadhali friji iungue kuliko mkono wako.

2. Kumbuka njia nyingine. Televisheni hupata radi kwa waya wa antena, na kompyuta kwa waya wa intaneti. Ng'oa zote.

3. Kinga ya umeme ni chombo kizuri, kwani huumwaga umeme uliozidi ardhini. Lakini kama nyumba haina waya wa ardhini ulio mzima, kinga nyingi hazifanyi kazi yake sawasawa. Tena huchakaa kwa kupokea misukumo, nayo haiwezi kuizuia radi iliyopiga nyumba yenyewe.

4. Umeme ukirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha friji, ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba yake upate kutulia.

5. Simu iliyo mkononi haiiti radi. Hatari ni kuitumia ikiwa imeunganishwa na waya wa kuchaji.

Utajuaje kama radi iko karibu? Sauti huenda kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Hesabu sekunde tangu mwanga mpaka ngurumo, ugawanye kwa tatu. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba imara, wala usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Msidhani haya ni mambo ya friji tu. Tarehe 10 Machi 2018 radi ilipiga kanisa wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, wakafa watu 16. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya nchini Uganda, walikufa wanafunzi 18. Hakuna aliyeituma radi ile, wala hii. Majengo ya watu wengi yanahitaji vyuma vya kukinga radi, vilivyofungwa na fundi ajuaye na kufika ardhini barabara. Mwenye kulijua jambo hili na alieleze nyumbani kwao, kwa sababu ujinga huunguza vyombo na kuvunja ujirani pia.

Maswali ya mazoezi:

(a) Umeona mwanga, na baada ya sekunde 12 umesikia ngurumo. Radi iko umbali gani?

(b) Kwa nini kuzima swichi hakutoshi?

(c) Tembea nyumbani kwenu leo, uhesabu nyaya zote zinazoingia kutoka nje. Ni ngapi ulizokuwa umezisahau?