Ndugu ni Kufaana: Nyota Jirani ya Jua na Udhaifu wa Istilahi "Nyota Pacha"

Utangulizi

Anga la usiku halisomeki kwa urahisi katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi. Huko Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu, taa ndefu zinazoitwa mulika mwizi humwaga mwanga juu ya mabati na ghorofa mpaka nyota nyingi zikamezwa. Hata hivyo, zipo zisizomezeka. Stima inapopotea, watoto waliopanda juu ya paa kuanua nguo huziona, na mmoja wao aghalabu huuliza: ile inayong'aa kule kusini ni nini?

Swali hilo huulizwa kwa Kiswahili, au kwa Sheng iliyochipuka katika mitaa hiyo hiyo. Jibu ndilo tatizo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lakini kuanzia Gredi ya 4 mtoto huyo hufundishwa sayansi kwa Kiingereza. Lugha anayoulizia si lugha anayojibiwa, na pengo hilo likidumu, mtoto hujifunza kwamba maswali ya paa la nyumba hayahusiani na darasa.

Makala haya yanaichunguza nyota moja tu, iitwayo Rijili Kantori, na kudai kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza kwa ukamilifu iwapo wanaisimu watachagua istilahi kwa kuzingatia maana na si mfanano wa juujuu. Hoja ya msingi ni kuwa istilahi "nyota pacha", ambayo huwajia wengi mdomoni, inapotosha, na kwamba "nyota wenza" inafaa zaidi.

Kuitambua Nyota Yenyewe

Mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa sadfa njema, jioni ya tarehe hiyo, yapata saa mbili usiku, Rijili Kantori huwa imesimama karibu kusini kamili mwa Nairobi. Mtu aliye Buruburu aelekeze uso upande wa Barabara ya Jogoo na Eneo la Viwanda, anyooshe mkono, kisha apange ngumi tatu moja juu ya nyingine kuanzia upeo wa macho. Hapo ataiona, yenye rangi ya manjano hafifu. Kulia kwake, kwa umbali usiofika nusu ya ngumi, ipo nyota nyingine nyeupe yenye kuelekea samawati, nayo ni Hadar. Mstari unaopita katika nyota hizo mbili huelekea kwenye Msalaba wa Kusini.

Ni kweli kwamba mawingu ya Julai huifunika Nairobi siku nyingi. Asiyebahatika na asubiri katikati ya Februari. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, matatu za kwanza zikikimbilia mjini, nyota hiyo hurejea mahali pale pale.

Jina lake lina historia inayowagusa wanafunzi wa Kiswahili. Limetokana na neno la Kiarabu linalomaanisha mguu, kwa kuwa nyota hii iko mguuni pa Kantarusi, kundinyota lililochorwa na watu wa kale kama kiumbe nusu mtu nusu farasi. Chimbuko la Kiarabu ndilo lililotupa pia Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali. Aidha, nyota hii haionekani kamwe mjini London wala New York, kwa kuwa iko kusini mno. Kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na kutoka Kampala hadi Unguja, huonekana vizuri. Ni nyota ya anga la Waswahili kabla ya kuwa ya vitabu vya Kiingereza.

Moja kwa Macho, Tatu kwa Hakika

Jicho huona nukta moja. Darubini ndogo huonyesha mbili. Padri Mfaransa Jean Richaud aliligundua jambo hilo mwaka wa 1689 akiwa Pondicherry, Bara Hindi. Nyota ya tatu ni hafifu kiasi kwamba haikujulikana hadi mwaka wa 1915, Robert Innes alipoitambua akiwa katika kituo cha kuchunguzia nyota mjini Johannesburg. Nyota hiyo ndiyo Proksima, jina la Kilatini lenye maana ya "iliyo karibu zaidi".

Ya kwanza, inayotambulishwa kwa herufi A, inakaribiana sana na Jua. Iko katika aina ile ile ya nyota. Tungamo lake ni takriban mara 1.1 ya tungamo la Jua, na mwanga wake ni takriban mara moja na nusu. Ya pili, B, ni ndogo kidogo kuliko Jua na hutoa takriban nusu ya mwanga wake. Mwaka wa 2018 Umoja wa Kimataifa wa Falaki uliidhinisha B iitwe Toliman, jina lililotokana na neno la Kiarabu la ndege mbuni. Proksima, kwa upande wake, ina tungamo la asilimia 12 tu ya tungamo la Jua, na mwanga wake haufiki hata sehemu moja kati ya 500 ya mwanga wa Jua.

A na B huzungukana kwa muda wa miaka 80 hivi. Zilikaribiana sana mwaka wa 1955 na zitakaribiana tena mwaka wa 2035. Hivi ni kusema kwamba mtu aliyezaliwa Kaloleni mwaka wa 1955 atakuwa mzee wa miaka 80 ndipo nyota hizo zimalize mzunguko mmoja tangu kuzaliwa kwake.

Umbali wake unaweza kupimwa kwa ramani ya Kenya. Tuchukulie kwamba umbali wa Dunia na Jua, ambao ni kilomita milioni 150, umepunguzwa ukawa mita moja. Jua litakuwa na ukubwa wa punje ya njegere. A itakuwa njegere kubwa kidogo na B njegere ndogo kidogo, zote zikiwa zimewekwa katika soko la Mutindwa, zikisogeleana hadi mita 11 na kuachana hadi mita 36. Proksima itakuwa punje ya wimbi iliyopelekwa kilomita 13 hivi kutoka hapo, kama vile Kilimani. Na Jua letu je? Litakuwa Kisumu. Katikati ya Nairobi na Kisumu hakutakuwa na nyota nyingine yoyote. Kwa vipimo halisi, A na B ziko umbali wa takriban miaka 4.4 ya nuru, na Proksima 4.24.

Kasoro ya "Pacha"

Neno pacha lina sifa mbili katika Kiswahili. Kwanza, hueleza asili: mapacha wamezaliwa kwa mimba moja. Pili, katika fikra za wasemaji wengi, hudokeza mfanano. Sifa ya kwanza inazifaa A na B, kwani inakubalika kwamba zilitokana na wingu moja la gesi. Sifa ya pili haizifai, na kwa Proksima inakuwa kichekesho. Njegere na wimbi si pacha machoni pa mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba neno pacha halisemi lolote kuhusu hali ya sasa. Mapacha waweza kuachana, mmoja akaishi Dandora na mwingine Dubai, wakabaki mapacha. Katika elimu ya falaki, kinachozifanya nyota zihesabiwe kuwa mfumo mmoja si kuzaliwa pamoja wala kufanana. Ni kushikana kwa nguvu ya uvutano, kila moja ikiathiri mwendo wa nyingine. Wahenga walikuwa wameshalitatua tatizo hili waliposema kwamba ndugu ni kufaana, si kufanana.

Hapa ndipo Hadar inapotoa funzo. Kwa macho, Hadar na Rijili Kantori ni majirani wa mlango kwa mlango, tena zinalingana kwa mng'ao kiasi cha mtu kuziita pacha bila kusita. Lakini Hadar iko umbali wa karibu miaka 390 ya nuru. Hazijuani. Zimepangana tu kwenye mstari wa macho ya mtazamaji. Mtoto aliyefundishwa "nyota pacha" atawaita pacha wasio ndugu, na atamnyima undugu Proksima aliye ndugu kweli.

Pendekezo: Wenza na Sanjari

Makala haya yanapendekeza istilahi mbili zinazokwenda pamoja. Nyota zilizoshikana kwa uvutano ziitwe nyota wenza. Zile zinazoonekana karibu kwa macho tu, ilhali ziko mbali mbali, ziitwe nyota sanjari.

Kisarufi, mwenza ni nomino ya ngeli ya A-WA inayofuata nomino nyingine na kuifafanua. Wakenya wameuzoea muundo huu katika istilahi ya kisiasa "mgombea mwenza". Katika "nyota mwenza", nomino kuu inabaki kuwa nyota, hivyo upatanisho ni wa I-ZI: nyota mwenza imeonekana, nyota wenza zimeonekana. Hakuna kanuni inayovunjwa.

Yamkini wapo watakaopinga kwamba neno mwenza linanukia ukewenza na wivu wake. Pingamizi hilo lina uzito, ila matumizi yameshalipanua neno hili: mwenza sasa ni mshirika wa ndoa, wa kazi na wa uongozi. Isitoshe, hata maana ya ukewenza si mbaya hapa. Wake wenza si lazima wafanane wala wawe wamezaliwa pamoja. Kinachowaunganisha ni uhusiano unaoendelea. Hiyo ndiyo maana inayotafutwa.

Je, tofauti hii ya wenza na sanjari ni ya wanaisimu tu? Historia ya Proksima inaonyesha sivyo. Tangu mwaka wa 1915 wanafalaki waliona kwamba inasafiri pamoja na A na B angani, lakini hawakuwa na hakika kama imefungamana nazo au inapita tu. Jibu thabiti lilipatikana kutokana na vipimo vilivyochapishwa mwaka wa 2017: Proksima huzizunguka ndugu zake kwa takriban miaka 550,000. Ilichukua karne nzima kuthibitisha kwamba ni mwenza. Lugha isiyokuwa na maneno mawili hapo haiwezi hata kuliuliza swali.

Mfano mwingine ulianzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya taifa. Uhuru iligundua kwamba chanzo kimoja cha eksirei katika eneo hilo hilo la Kantarusi hufichika kila baada ya siku mbili na kitu. Kilikuwa kikipita nyuma ya nyota mwenza wake. Jina la chombo lilikuwa la Kiswahili. Maelezo ya ugunduzi hayakuwa.

Kinachohatarishwa

Mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba Proksima ina sayari yenye tungamo lisilopungua sana lile la Dunia, inayoizunguka kwa siku 11 hivi, katika umbali ambao maji yangeweza kuwepo katika hali ya umajimaji iwapo ina angahewa. Mwezi wa Agosti 2025, watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walieleza dalili za sayari kubwa ya gesi kando ya A, dalili zilizohitaji kuthibitishwa. Habari hizi zitaendelea kuja, na zitafika Kayole kwa simu kabla ya kufika kwa kitabu. Swali ni zitafika kwa lugha gani.

Kazi ya istilahi ilianza zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Upungufu si wa maneno tu, bali wa uthubutu wa kuyatumia. Thomas Henderson aliipima nyota hii akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1832 na 1833, akawa na ushahidi wa umbali wake mkononi, lakini akasita kuuchapisha hadi mwaka wa 1839. Wakati huo Friedrich Bessel alikuwa amemtangulia, mwaka wa 1838, kwa umbali wa nyota nyingine. Aliyetangulia kupima hakutangulia kusema.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Rijili Kantori ni mfumo wa nyota tatu, kuu yake ikiwa sawa na Jua kwa aina, na kwamba "pacha" hueleza kuzaliwa na kufanana ilhali sayansi inauliza kuhusu kushikana. Istilahi "wenza" na "sanjari" hutenganisha undugu wa kweli na ujirani wa macho, na zote mbili zimo tayari vinywani mwa watu.

Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni hawana haja ya kusubiri kamati. Ifikapo tarehe 7 Julai, baada ya hotuba na ngonjera, na watoke nje saa mbili usiku waelekee kusini. Mtoto wa Umoja akiuliza ile ni nyota moja au ngapi, ajibiwe kwa lugha aliyoulizia: ni tatu, tena ni wenza.